Hasira Iliyopewa Umbo

Kila nikisikiliza hevi metali, panki, au zile nyimbo za mayowe na ngoma za kasi, swali hurudi: hii ni sanaa, au ni ghadhabu tu iliyounganishwa na umeme? Jibu langu ni kwamba ni sanaa, ingawa si yote, na mpaka haupo pale wengi wanapouchora. Wao wanauchora kwenye kelele. Mimi nautafuta kwenye kazi iliyofanyiwa hasira yenyewe.

Wanaoona muziki mkali unaharibu tabia humtegemea Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, hata wasipomtaja. Kweli, katika kitabu chake Jamhuri alifukuza mitindo kadhaa ya muziki. Lakini aliyoifukuza ni ya maombolezo na ya ulegevu. Akabakiza Kidoria na Kifrigia, na mmoja wao alitaka uige sauti ya mtu jasiri aliye vitani. Ukali, basi, haukumtisha.

Anayenifaa zaidi ni R. G. Collingwood, mwanafalsafa Mwingereza aliyeandika mwaka 1938. Alitenga mambo matatu ambayo sisi huyachanganya. Mtu anayefoka na kupiga meza anatoa dalili za hasira. Mtu anayejua mbinu za kuwapandisha wengine hasira anafanya ufundi, kwa sababu lengo analijua kabla hajaanza. Msanii anaanza na kitu kinachomsumbua asichokielewa, na anakielewa kwa kukieleza. Kwa kipimo hiki, mayowe peke yake hayatoshi, wala hayamfukuzi mtu kwenye sanaa.

Tutazame gitaa kwa karibu. Uzi wake mnene, ukiwa kwenye mpangilio wa kawaida, hutetemeka mara 82 hivi kwa sekunde. Noti ya tano juu yake, ukihesabu ngazi ya muziki kuanzia noti ya uzi huo, ni kama 123, yaani uwiano wa 2 kwa 3. Distosheni ni kuisukuma ampli, yaani kikuza sauti, kupita uwezo wake hadi vilele vya wimbi vikatwe, na kukatwa huko huzaa sauti mpya, ikiwemo tofauti ya noti zile mbili: 123 ukitoa 82 unapata 41. Hiyo ni oktava nzima chini ya uzi mnene, yaani noti ileile kwa nusu ya mitetemo, sauti ambayo hakuna uzi uliopigwa kuitoa! Ndiyo maana noti mbili tu husikika kama ukuta.

Sasa ongeza noti ya tatu ya ngazi hiyo, katikati ya zile mbili. Kwenye gitaa, noti hiyo, katika ngazi ya meja, imepanda kama asilimia 14 ya nusutoni (hatua ndogo kabisa kati ya noti za gitaa) kuliko uwiano safi wa 4 kwa 5. Bila distosheni sikio linasamehe. Ukiwasha distosheni, sauti zinazozaliwa hazikubaliani, na unapata mngurumo wenye ukungu. Wapigaji wakaiacha. Na noti hiyo ndiyo hutofautisha meja na maina, ile tunayoisikia kama furaha au huzuni. Ikiondoka, kinachobaki hakifurahi wala hakilii. Ni kigumu tu. Hapo naona hisia ikitoka ndani ya umbo lenyewe, na hiyo kwangu ni hoja nzito kuliko mashairi yoyote ya wimbo.

Kosa la kawaida ni kupandisha geini, yaani kiasi cha kuisukuma ampli, hadi mwisho. Wimbi likishakatwa sana, pigo la nguvu na pigo la upole hutoka kwa ukubwa uleule. Ncha ya pigo inapotea na noti fupi zilizozibwa kwa kiganja zinachanganyika. Studio huirekebisha kwa kupunguza geini, kisha kurekodi sehemu ileile mara mbili, moja kushoto na moja kulia. Uzito hutoka pia kwenye vimya vifupi kati ya mapigo.

Sauti ya koo nayo ina nidhamu yake. Nyingi hutolewa kwa mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, huku pumzi ikiongozwa kutoka tumboni. Anayefoka kwa koo lililokazwa hukauka sauti mapema. Mtu aliyepandwa na hasira kwelikweli hawezi kuimba hivi saa nzima, anayeweza ameitawala.

Zipo nyimbo ambazo sizihesabu: ghadhabu ya kuagiza, ambapo kila pigo limepangwa ili umati uruke sekunde fulani, na mtunzi hakugundua chochote. Nyimbo za chuki ni shauri jingine. Zaweza kuwa na umbo imara na bado zikastahili lawama, kwa kuwa kuitwa sanaa hakumwondolei mtu hatia.

Ukitaka kupima, punguza sauti. Nguvu ikiisha kabisa, ilikuwa ya spika. Mdundo na mvutano wa noti vikibaki, kuna utunzi. Usipunguze mno, maana kwa sauti ndogo sikio hupoteza besi kwanza, na utauhukumu muziki huu bila nusu ya mwili wake. Wala usipime kwa sauti ya juu muda mrefu: kipimo kimoja kinachotumika cha usalama kazini ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, kwa hiyo kwenye 100 una dakika 15 tu.