Nauli ya "Did"

Mwaka 2004, sheria za matatu za waziri Michuki zilipoanza nchini Kenya na makanga, yaani makondakta, wakavishwa sare ya damu ya mzee, mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nasubiri barua ya TSC, tume inayoajiri walimu. Barua ikakawia. Nikawa nafundisha Kiingereza jioni huko Jericho, Nairobi, darasa la watu wazima: mafundi, mabawabu, mama mmoja wa mitumba Gikomba, na makanga aliyekuja moja kwa moja kutoka kazini, sarafu zikilia mfukoni.

Siku hiyo somo lilikuwa kukanusha. Niliandika ubaoni "He went", chini yake "He did not go". Yule mama akauliza: kama ni jana, mbona "went" imegeuka "go"? Nikamjibu nilivyofundishwa, kwamba baada ya "did" kitenzi hurudi kwenye umbo lake la asili. Wakanitazama tu. Na kweli, hiyo ni kanuni. Sababu sikuwa nimeitoa.

Makanga akainuka, akanipokonya chaki. "Mwalimu, ngoja." Akapiga mstari chini ya "did". "Huyu ndiye makanga. Nauli ya jana ameshachukua. Sasa 'go' alipe tena ya nini?" Darasa likaangua kicheko. Akateremka hadi "She does not know": ile "s" ya "knows" iko mkononi mwa "does", basi "know" atulie kwenye kiti. Na "is not", na "cannot", zisizo na "do"? "Hao wana gari lao." Nilitafuta pa kumpinga, nikakosa.

Mama akanung'unika kwamba Kiswahili hakina mambo hayo. Nikaandika: anajua, hajui, alikwenda, hakwenda, amekula, hajala. Akaguna, akanyamaza.

Tulipokwama ni kwenye maswali. "Haven't you eaten?" nikamuuliza makanga. "Yes," akasema, maana hakuwa amekula, na sisi tukiulizwa "Hujala?" tunaitikia "Ndio, sijala." Nikamweleza kuwa Mwingereza hapo husema "No".

"Abiria akiniuliza kama sijampa chenji, niseme 'No'? Si atajua nakataa deni!"

Bawabu mmoja, aliyekuwa kimya muda wote, akasema Kiingereza cha getini kinamtosha: "Not allowed." Hana haja ya "do" wala "does", na magari yanageuza.