Nilivyopata suruali ya kukimbilia kwenye baridi ya Njombe kwa elfu saba

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni hadi Agosti alfajiri zetu hushuka chini ya nyuzi joto 10, na kuna siku ukungu haung'oki barabarani mpaka saa tatu. Wenzetu wa Makete na Kitulo wao wanaamka na sakitu juu ya majani. Mimi nakimbia saa kumi na mbili asubuhi kwa sababu baada ya hapo ni watoto, kazi, kisha giza. Kwa hiyo msimu wa baridi ulipokaribia nikaamua kutafuta suruali ya maana ya kukimbilia, na bajeti yangu ilikuwa elfu kumi, pamoja na fundi.

Nilianza kwa kupita kwenye maduka ya nguo za michezo ili nijue bei ya kitu kipya. Traksuti nyingi zilikuwa kati ya 35,000 na 45,000, na karibu zote ni zile nene zenye manyoya ndani, pamba tupu au pamba iliyochanganywa. Ukiivaa dukani unajisikia vizuri kweli. Lakini pamba inanyonya maji, na ukimbiaji wa Njombe una maji pande zote mbili: jasho linatoka ndani, ukungu na manyunyu vinatoka nje. Ikishalowa inakuwa nzito, inagandamana na mapaja, na maji yale yanakunyang'anya joto la mwili mara nyingi zaidi ya hewa kavu. Mtu anayekaa kibarazani traksuti ya pamba inamfaa sana. Anayekimbia kilomita saba anahitaji poliesta au nailoni, kwa sababu nyuzi hizo hazinywi maji kwa kiasi cha kusumbua na zinakauka upesi, na kiasi kidogo cha spandeksi, yaani nyuzi za kuvutika, ili goti lipate kukunjuka.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalifikirii. Miguu ndiyo inayofanya kazi, na misuli inapofanya kazi sehemu kubwa ya nguvu inayotumika, karibu robo tatu, inageuka kuwa joto. Ndiyo maana mapaja yakishachangamka hayahitaji blanketi. Kinachoyaumiza ni upepo unaokupiga kwa mbele, hasa kwenye mteremko unapokwenda kasi. Ukitoka nyumbani ukihisi kibaridi kidogo miguuni, umevaa sawasawa. Ukitoka umejisikia raha kabisa, baada ya dakika kumi na tano utatafuta pa kuivulia hiyo suruali. Mimi sikuwa natafuta nguo nene, nilikuwa natafuta nguo inayozuia upepo.

Nikaenda mtumbani. Na nilikwenda mapema, kabla ya baridi kuanza, maana Juni ikifika kila kitu chenye mikono mirefu na miguu mirefu kinapanda bei, na vizuri vimeshachukuliwa. Mzigo wa mitumba unatujia kutoka Dar kwa barabara kuu, unashukia Makambako pale njia panda ya Songea, mwingine unapanda hadi huku. Belo za nguo za michezo zinafunguliwa peke yake, na siku belo linapofunguliwa ndiyo siku ya kwenda, tena asubuhi. Kuna dada mmoja anauza sokoni ambaye tumezoeana, nilimwomba anitumie ujumbe akisikia nani anafungua.

Nilivaa taiti nyepesi ndani ya sketi. Mtumbani hakuna chumba cha kujaribia, na suruali ya kukimbia bila kuivaa huwezi kuijua. Ukiwa na taiti ndani, unaipandisha juu yake palepale, unashusha sketi, hakuna anayekutazama mara mbili.

Muuzaji alikuwa ameshazigawa. Upande mmoja zenye nembo ya Nike na Adidas, elfu kumi hadi kumi na tano. Upande mwingine rundo la zisizojulikana, elfu tano hadi nane. Hapo ndipo ninapotaka kila msomaji wa hapa atulie nami kidogo. Bei ya mtumbani inafuata nembo ya nje, na joto lako linafuata kitambaa. Zile za nembo nilizozishika, nyingi zilikuwa taiti nyembamba za mazoezi ya ndani, nzuri kwa gym ya Dar, na baadhi mpira wa kiunoni ulikuwa umeshalegea. Nikahamia kwenye rundo.

Kitu cha kwanza ninachofanya ni kugeuza nguo nje ndani na kusoma lebo. Ikianza na pamba, naiweka chini bila kujiuliza. Ikisomeka poliesta asilimia 80 na kitu, halafu elasteni au spandeksi 10 hadi 20, naendelea. Kisha nanyoosha kiuno kwa mikono miwili na kutega sikio. Spandeksi iliyozeeka inatoa mlio mdogo wa kukatikakatika ndani ya kitambaa, na ukiusikia huo, nguo hiyo itakushuka kabla mwezi haujaisha. Halafu naweka goti na makalio kwenye mwanga, nanyoosha. Nikiona vidole vyangu upande wa pili, kitambaa kimekwisha. Mwisho msambani: ninapendelea suruali iliyowekewa kipande cha ziada kati ya mapaja badala ya mishono minne kukutana sehemu moja, na mshono wenyewe uwe umelala bapa. Mshono uliosimama unachubua ngozi, na mchubuko wa paja ukiingia jasho ni mateso ya siku tatu.

Karibu na chini ya rundo nikaivuta moja nyeusi, haina nembo ninayoijua, lebo yake imeandikwa kwa lugha za kaskazini mwa Ulaya. Nyuma ilikuwa kitambaa cha kawaida cha kuvutika, laini kidogo kwa ndani. Mbele, kutoka kiunoni hadi chini ya goti, kitambaa kilikuwa tofauti kabisa, kigumu kiasi, kinachakarika kama cha mwavuli. Nikaweka sehemu ya mbele mdomoni na kupuliza. Pumzi haikupita. Nikageuza, nikapuliza kwa nyuma, pumzi ikapita bila shida. Nilijua nimeipata. Suruali za namna hii zinashonwa kwa ajili ya watu wanaoteleza kwenye theluji kwa safari ndefu, mchezo wa Wanorwe, Waswidi na Wafini. Wao pia wanapigwa na upepo kwa mbele huku wanatoka jasho kwa nyuma. Mahitaji yao na ya mkimbiaji wa Njombe mwezi wa saba yanalingana, na kwetu suruali hizo zinalala chini ya rundo kwa sababu hakuna anayejua ni za nini.

"Kaka, hii bei gani?"

"Hiyo nane, dada. Mzigo mzuri huo."

"Nipe kwa tano. Kiuno kipana, naipeleka kwa fundi."

"Tano hailipi dada yangu. Ongeza."

Niliivaa juu ya taiti, nikanyanyua goti hadi kifuani, nikachuchumaa. Urefu ulikuwa sawa, na zipu za kwenye kifundo cha mguu zilipanda na kushuka zote mbili. Urefu ni muhimu kuliko kiuno. Suruali yenye zipu chini huwezi kuipunguza bila kuiharibu, lakini kiuno fundi anakirekebisha.

"Nina saba hapa, na wewe nimekufungulia biashara."

"Haya chukua, dada. Karibu tena."

Fundi cherehani alichukua 2,000 kubadilisha mpira wa kiunoni. Nilimwomba ashone kwa zigizaga, maana mshono ulionyooka ukivutwa uzi unakatika. Jumla elfu tisa.

Juu yake navaa bukta. Sababu ya kwanza ni heshima. Mji wetu mdogo, asubuhi nakutana na wazee wakienda kanisani na akina mama wakienda shamba, na napenda kuwasalimia "kamwene" nikiwa nimejisitiri bila kuvutavuta fulana. Sababu ya pili ni kwamba bukta inaongeza ulinzi wa upepo kwenye nyonga na makalio, mahali ambapo baridi inakaa muda mrefu hata baada ya mapaja kupata moto. Mabinti wanaoniuliza kama mwanamke anaweza kukimbia na taiti hapa mjini nawajibu hivyo: taiti na bukta, na uende zako.

Julai nzima niliitumia. Manyunyu yakipiga, matone yanateleza mbele na paja linabaki kavu. Goti, ambalo kwenye baridi lilikuwa linaniuma dakika za kwanza, sasa linaanza likiwa na joto lake. Siku ambayo jua limetoka mapema inazidi joto, na kwa siku hizo nina taiti nyembamba ya kawaida niliyoichukua kwa elfu nne. Pesa iliyobaki kwenye bajeti nilinunulia glavu za sufu, kwa sababu mikono ndiyo inayoteseka kwanza, na hakuna suruali itakayokusaidia hapo.

Kuitunza ni rahisi ila kuna miiko. Maji baridi, sabuni kidogo, iwe imegeuzwa nje ndani. Usitie dawa ya kulainisha nguo, inaziba kitambaa na kinashindwa kupumua. Usipige pasi, na hata mvua inyeshe wiki nzima usiianike karibu na jiko la mkaa, kwani moto ndio unaoua spandeksi. Itundike ndani penye hewa, jioni hadi asubuhi inakuwa imekauka.

Rangi nyeusi na giza la saa kumi na mbili havipatani, hasa kwenye barabara yenye malori ya mbao na bodaboda. Nilinunua kizibao cha riflekta cha bodaboda, fundi yuleyule akakata vipande viwili na kunishonea kwenye mashavu ya miguu, kwa nyuma. Nilichagua hapo badala ya mgongoni kwa sababu mguu unapanda na kushuka, na dereva akiona mwanga unaocheza hivyo anajua mara moja kwamba mbele yake kuna mtu.