Neti iliyoishia kwenye sukuma wiki

Mwaka 2022 kitinda mimba wangu alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili, na kijitabu chake cha kliniki nilikuwa nikiwaonyesha majirani kama cheti cha shule. Chanjo zote, hata ya malaria. Busia ni mojawapo ya kaunti nane za magharibi zilizotangulia kuletewa chanjo hiyo Kenya, kuanzia Septemba 2019. Mwanangu alishapata dozi tatu: ya miezi sita, ya saba na ya tisa. Ya nne ilingoja atimize miaka miwili.

Basi Baba Watoto akaona, neti ya nini tena? Kuku walikuwa wanamaliza miche yake ya sukuma wiki. Siku moja narudi sokoni, nakuta neti ya mtoto imekatwa, imefungwa kwenye vijiti, imezunguka kitalu vizuri kabisa. Kusema kweli sikugomba sana. Si mtoto amechanjwa? Na neti nazo zina joto.

Haukupita mwezi, na mvua ya masika bado inanyesha, mtoto akaamka usiku mwili moto, anatapika. Alfajiri tukapanda boda boda hadi zahanati. Akatobolewa kidole, kipimo kikatoa mistari miwili: malaria. Nikamwekea nesi kijitabu mezani: si mlimchanja nyinyi wenyewe?

Hakukasirika. Aliuliza tu, "Mama, analala ndani ya neti?"

Nikainamisha uso.

Akanieleza kwamba chanjo hii ilijaribiwa katika nchi saba za Afrika, yetu na Tanzania zikiwamo, na kwa watoto waliopata dozi zote nne ilizuia asilimia 39 ya visa vya malaria katika miaka kama minne. "Yaani katika kila visa kumi, inazuia kama vinne. Hivyo sita nani atavizuia?" Mbu anapouma huingiza vimelea, navyo hukimbilia ini. Chanjo huufundisha mwili kuvikamata njiani. Kimoja tu kikipenya kikafika kwenye ini, huzaa maelfu, na yakishamwagika kwenye damu chanjo haina la kufanya tena. Neti humzuia mbu mwenyewe, kabla hajagusa ngozi. Sijawahi kufundishwa malaria vizuri hivyo, na nimeugua tangu utotoni.

Hakulazwa, alhamdulillahi. Tulipewa AL, vidonge vya kutibu malaria, vya siku tatu, na siku ya pili akaanza kudai uji. Nesi alisema chanjo hupunguza pia malaria kali, kwa hiyo msinisikie vibaya: dozi ya nne nilimpeleka siku ileile aliyotimiza miaka miwili.

Sukuma wiki zile zilistawi, lazima nikiri. Neti mpya nimeichomeka chini ya godoro pande zote nne, na nimemwambia Baba Watoto akiigusa, atalala nje na kuku wake.