Mgongo wa binamu na jani la mshubiri

Binamu yangu alirudi kutoka kwenye mwani saa saba mchana akilalamika njaa tu. Alikuwa likizo ya chuo, ametoka Dar kuja Jambiani kupumzika, lakini zilikuwa siku za bamvua, maji ya bahari yanapojaa sana na kutoka sana, na mama yangu hana desturi ya kumwacha kijana mwenye nguvu zake alale barazani wakati maji yametoka. Akaenda kusaidia kufunga mwani kwenye kamba za kuoteshea, kavaa singlendi. Alipoambiwa avae shati la mikono mirefu alicheka. "Shangazi, sisi weusi hatuungui."

Kwetu Unguja bamvua hukauka kuanzia kama saa nne asubuhi kuelekea mchana, yaani saa zilezile ambazo jua lina ukali wake wote. Mfunga mwani ameinama, mgongo na shingo vimelielekea jua, na maji ya magotini pamoja na upepo wa kaskazi vinampoza asihisi chochote. Kinachounguza si joto, ni mionzi ya UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, na hiyo haipozwi na upepo. Mchanga mweupe nao unairudisha juu, ndiyo maana hata aliyekaa kivulini ufukweni hutoka na uso uliobabuka. Ngozi nyeusi ina kinga zaidi, hilo kweli, lakini kinga ina kikomo.

Maumivu hayaji papo hapo. Huchukua saa tatu hadi sita kuanza, na hufika kileleni kati ya saa kumi na mbili na ishirini na nne baada ya kuungua. Kwa hiyo alikula, akalala, na ilipofika magharibi hakuweza kuegemea kiti.

Mama hakutafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani vizuri, na anayeungoja atasema mtu hajaungua mpaka ngozi ianze kubambuka. Aliweka mgongo wa kiganja chake juu ya bega, bila kukandamiza, kisha akauhamishia kiunoni palipokuwa pamefunikwa na nguo. Tofauti ya joto ilikuwa wazi. Ngozi ya mabega ilikuwa imevutika ikang'aa, kama ya ngoma iliyotoka kuwambwa, na pembeni mwa mkanda wa singlendi palikuwa na malengelenge mawili madogo.

"Tangu mchana umekwenda haja ndogo?"

"Nimekwenda, Shangazi."

"Rangi yake? Unatetemeka? Umetapika? Kichwa kinazunguka?"

Hayo hayakuwa mazungumzo. Lau angekuwa na homa, kutapika, kizunguzungu, au malengelenge yaliyoenea mgongo mzima, safari ingekuwa ya kituo cha afya usiku uleule, si ya bustanini. Mtoto mdogo aliyeungua naye hapewi muda wa kungojea kuona.

Kwanza maji. Watu hukimbilia majani na kusahau maji, na jani lolote linalopakwa juu ya ngozi ambayo bado inawaka huwa na kazi nusu. Aliingizwa chooni na ndoo mbili za maji ya kisima yaliyokuwa yametulia mtungini, ya baridi lakini si ya barafu, ajimwagie kwa kopo taratibu kwa dakika kumi na tano, bila sabuni wala dodoki. Chumvi ya bahari lazima itoke, maana ikikaukia kwenye ngozi iliyoungua huivuta na kuchonyota. Kisha ajigusegushe na kanga kuukuu iliyolainika, asijifute.

Wakati huo nyumba imeshajaa madaktari. Jirani mmoja alileta barafu ya kwenye mfuko. Mama akaipeleka kwenye sharubati. Barafu juu ya ngozi iliyoungua huweza kuijeruhi mara ya pili, na mgonjwa hajui kwa sababu imekufa ganzi. Mwingine akataka dawa ya meno, ambayo ubaridi wake ni wa mnanaa tu, na ndani ina vitu vya kusugulia. Ndimu ndiyo iliyomkasirisha mama kweli. Asidi yake inachonyota, lakini kibaya zaidi ni kwamba maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na ngozi ikaona jua, huzuka malengelenge mapya na madoa meusi yanayokaa wiki nyingi. Wauza sharubati ya ndimu wanaoshinda juani wanayajua madoa hayo mikononi.

Mafuta ya nazi hayakukataliwa, yaliahirishwa. Siku ya kwanza mafuta hufunika joto lisitoke. Ngozi ikishapoa na kuanza kukauka, hapo zamu yake inafika.

Kilichofuata ni chai. Vijiko viwili vya chakula vya majani ya chai ya kawaida, maji nusu lita yaliyochemka, funika dakika kumi na tano, chuja, acha yapoe kabisa. Chai ya kwetu huwa haiivi bila tangawizi, hiliki na mdalasini, sasa ilibidi mama asimame jikoni kuhakikisha hakuna mkono uliozoea unaotumbukiza kitu. Viungo hivyo huwasha ngozi mbichi, na sukari hunata na kuita sisimizi. Inayotakiwa ni ule ukakasi wa chai tupu, unaoikaza ngozi kidogo na kuituliza. Akachovya vipande vya kanga, akavikamua vibaki na unyevu bila kudondosha, akavitandaza mgongoni. Kila kitambaa dakika kumi. Kikipata joto la mwili kinachovywa tena. Kuacha kitambaa kikaukie juu ya ngozi ni kosa la wengi, kwa sababu kikibanduliwa huondoka na ngozi. Chai pia huacha madoa yasiyotoka, basi usitumie kanga unayoipenda.

Jani la mshubiri lilikatwa wakati vitambaa vikiendelea, na hapa ndipo kazi nyingi za nyumbani huharibika.

Mshubiri unaofaa ni ule wanaouita alovera, wenye majani manene ya kijani kilichochanganyika na kijivu na maua ya njano. Ile ya porini yenye maua mekundu ni ya jamii moja, lakini ute wake ni mchache na utomvu wake mkali, na ngozi iliyoungua si mahali pa kujaribia. Huchukuliwa jani la chini kabisa, la nje, lililokomaa, karibu na shina. Majani ya katikati ni machanga na yana maji tu. Likishakatwa, lisimamishwe ndani ya glasi, upande uliokatwa ukiwa chini, kwa dakika kumi na tano. Utatoka utomvu wa njano wenye harufu kali: ndiyo shubiri yenyewe, chungu ile inayosemwa. Huo unawasha. Mtu anayekata jani na kulisugua mgongoni hapohapo, kisha akaanza kujikuna na kusema alovera haimfai, mara nyingi kilichomkataa ni huo utomvu wa njano, si ute.

Lioshe jani, kata miiba ya pande mbili, laza bapa, pitisha kisu chembamba chini ya ganda la juu kama anayechuna samaki. Ute unaobaki ni kipande kimoja kinachoteleza, hauna rangi. Ukiona bado una michirizi ya njano, suuza tena. Jani la urefu wa mkono wa mbele hutoa kama nusu kikombe, kinachotosha mgongo mmoja mara mbili. Mama aliponda kwa uma kwenye bakuli safi, hakutia asali wala manjano wala kitu chochote. Akapaka kidogo sehemu ya ndani ya mkono wa binamu, akamwambia akae nusu saa. Wapo wanaodhurika na alovera, na ni heri kulijua hilo kwenye sehemu ndogo kuliko mgongo mzima.

Hapakuwasha. Akapaka mgongoni safu nyembamba, kwa kudondosha na kutandaza kwa vidole vya juu juu, akiyazunguka yale malengelenge bila kuyagusa. Malengelenge hayatumbuliwi, maji yaliyomo ni bandeji ya bure. Likipasuka lenyewe, huoshwa kwa maji na sabuni laini na kufunikwa kitambaa safi, na ute wa bustanini haukaribii hapo kwa sababu jani halijawahi kuwa safi kiasi hicho. Ute uliobaki uliingia kwenye friji, akatumia asubuhi. Pasipo na friji, hutumika siku hiyohiyo na kutupwa, kwani ukigeuka rangi ya waridi au kunuka umeshaharibika.

Alikunywa dafu na maji mengi. Dafu ni la kunywa, halimwagwi mgongoni. Kwa maumivu alipewa paracetamol, vidonge viwili vya miligramu 500, baada ya kula. Akalala kifudifudi juu ya shuka la pamba, si mkeka, maana ukindu hukwaruza.

Kesho yake maumivu yalizidi, na akadhani dawa zimeshindwa. Hazikushindwa; ndiyo saa ya kilele ilikuwa imefika. Mzunguko ukarudiwa: maji, chai, ute, mara tatu kwa siku, na ndani ya nyumba mpaka jua lizame. Jirani wa barafu akaleta liwa, ule mti wa kunukia wa kujipaka, iliyosagwa kwa marashi. Liwa ni baridi, na kwa vipele vya joto sina ubishi nayo, lakini ikikauka hupasuka na kuvuta, na kuitoa kunahitaji kusugua. Tena marashi mengi ya dukani siku hizi yana spiriti ndani. Ikawekwa kabatini.

Ngozi ilianza kubambuka mwishoni mwa wiki, na binamu akaanza kuvuta vipande kwa raha ile inayojulikana. Mama akamzuia, akampa mafuta ya nazi baada ya kuoga, wakati mgongo una unyevu. Ngozi ya chini ikivuliwa kabla ya wakati huacha mabaka.

Ute wa mshubiri haukingi jua. Mwenye ualbino, kwa mfano, hatakiwi kutegemea bustani hata siku moja. Wake ni mafuta ya kukinga jua kama yale ya Kilisun yanayotengenezwa Moshi, kofia pana, na mikono mirefu. Binamu naye bamvua iliyofuata aliingia majini na shati la baba yangu, amelifunga vifungo hadi shingoni.

Alipoondoka aliomba mche. Mama akang'oa chipukizi la pembeni lenye mizizi yake, akamwambia aliache kivulini siku mbili kidonda kikauke, kisha alipande kwenye udongo wenye mchanga mwingi, kopo lililotobolewa chini, maji mara moja kwa wiki.

"Nitaanza kulikata lini, Shangazi?"

"Miaka miwili, mitatu. Kabla ya hapo vaa shati."