Msumeno uleule, hewa nyingine

Watu wengi wanaomiliki chenso, yaani msumeno wa injini wenye cheni, huirekebisha kabureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli, mara moja tu, mashine ikiwa mpya, halafu hawaigusi tena mpaka injini inoki. Nawasihi waache mazoea hayo. Nimeangusha miti na kupasua mbao kwenye joto linalokausha mate mdomoni, nikafanya kazi hiyohiyo kwenye baridi inayogandisha maji ndooni, na ninachokijua kwa hakika ni kwamba hali ya hewa haiishii kumchosha mtu. Inaingia ndani ya mashine. Hewa inayovutwa na injini hubadilika, petroli hubadilika, oili hubadilika, cheni hurefuka na kufupika, na gogo lenyewe huwa gogo jingine.

Nianze na hewa, kwa sababu ndiyo inayoua injini nyingi. Hewa ya baridi ni nzito, ina oksijeni nyingi zaidi katika kila mvuto. Kama skrubu ya mafuta kwenye kabureta umeiacha palepale ulipoiweka wakati wa joto, petroli inayoingia haitoshi tena kwa hewa hiyo. Injini ya mipigo miwili hulainishwa na oili iliyo ndani ya petroli hiyohiyo, kwa hiyo petroli ikipungua, na oili imepungua, na silinda inazidi kuchemka. Cha hatari ni kwamba mashine katika hali hiyo huvutia sana kuisikiliza. Inalia kwa ukali, inapokea resi upesi, unaona leo iko vizuri kuliko jana. Kumbe inajikaanga.

Joto kali na mwinuko mkubwa hufanya kinyume. Hewa inakuwa nyepesi, mafuta yanazidi, moshi unaongezeka na plagi inatoka nyeusi, imelowa. Hapo unapunguza mafuta kidogo, sawa, ila kumbuka kuyarudisha baridi ikija au ukishuka bondeni.

Mimi husikiliza. Nikishaipasha moto, nabonyeza resi yote msumeno ukiwa hewani, haugusi kitu, kwa sekunde chache tu. Sauti ninayoitaka ina kigugumizi chepesi, kama koo linalosukutua maji. Nikiushusha kwenye gogo na cheni ikaanza kula, kigugumizi kinapotea na sauti inanyooka. Nikiuinua, kinarudi. Ikiwa sauti imenyooka na kali hata kabla ya kugusa mti, nazima palepale na kuongeza mafuta kwenye skrubu. Mwenye kipimo cha mizunguko atumie kipimo pamoja na kitabu cha mashine yake, ni bora kuliko sikio. Chenso mpya zenye kompyuta ndogo hujirekebisha zenyewe, lakini hakuna inayojisafishia filta ya hewa wala mapezi ya silinda, vile vibamba vyembamba vya kuipoza.

Mapezi hayo ndiyo ninayoyakagua kwanza kipindi cha joto. Vumbi la mbao likichanganyika na utomvu huganda katikati yake, na upepo wa feni haupiti. Fungua kifuniko, kwangua kwa kijiti cha mbao, puliza. Ni kazi ya dakika chache, na nimeona injini nyingi zikipona kwa hiyo tu. Cheni butu nayo huchemsha injini, maana unaisukuma badala ya kuiacha ijivute yenyewe. Ukiona inatoa unga badala ya vipande, kaa chini unoe.

Kuna imani kwamba wakati wa joto uzidishe oili ya 2T, ile ya injini za mipigo miwili, kwenye petroli ili injini ipoe. Siikubali. Kama kitabu kinasema 50 kwa 1, yaani mililita 100 kwa lita 5, basi ni hivyo jua liwake au theluji ianguke. Ukizidisha oili, umepunguza petroli katika kila tone linalopita kwenye kabureta, na masizi yanajaa kwenye eksosi na juu ya pistoni. Unachotakiwa kubadilisha ni mahali pa kuweka kopo la mafuta. Liweke kivulini, lifunikwe vizuri, na usichanganye mengi ya kukaa miezi. Petroli iliyochakaa kwenye jua hupoteza kile chepesi kinachowaka haraka, na yenye ethanoli hunyonya unyevu kutoka hewani.

Petroli ya moto ina ubaya mwingine. Ukizima msumeno ghafla baada ya kukata mfululizo, feni inasimama lakini joto la silinda linaendelea kupanda kwenye kabureta. Petroli inageuka mvuke kwenye mirija, na ukija kuvuta kamba haiwaki. Wengi hapo huvuta choki na kuilowesha plagi bure. Mimi huuacha ungurume bila resi kama dakika moja kabla ya kuzima, halafu naupeleka kivulini. Na tafadhali, usifungue kifuniko cha tangi injini ikiwa ya moto. Ndani mna shinikizo, na petroli inaweza kuruka kama chemchemi ikakulowesha wewe na silensa inayochoma. Subiri ipoe, funika kwa kitambaa, fungua polepole. Jaza mafuta juu ya udongo mtupu, kisha sogea angalau mita 3 ndipo uwashe. Majani yakiwa makavu, msumeno wa moto haulazwi juu yake. Ule wavu mdogo wa kuzuia cheche kwenye eksosi usafishwe, usitobolewe. Mimi hubaki eneo la kazi karibu nusu saa baada ya kumaliza, nikitazama kama kuna moshi unaotoka chini ya takataka za matawi.

Cheni hurefuka ikipata moto, ikaning'inia chini ya bapa la chuma linaloibeba. Unaikaza, na ni sawa, kwa sababu cheni iliyolegea inaweza kuchomoka. Lakini uliyoikaza ikiwa ya moto lazima uilegeze ukimaliza kazi. Ikipoa inafupika kwa nguvu na kubana bapa na beringi za ekseli ya injini usiku kucha.

Oili ya cheni huwa nyepesi kwenye joto, inatawanyika kabla haijafika mbele, na huwa nzito kwenye baridi, pampu ikashindwa kuivuta. Dalili zote mbili zinaonekana kwa jaribio moja: elekeza ncha ya msumeno kwenye uso mweupe wa kisiki, karibu lakini bila kugusa, weka resi ya kati. Baada ya muda mfupi lazima uone mstari wa matone. Usipouona, usikate. Kwa baridi kali nunua oili nyepesi ya cheni, na kopo lake likae mahali penye joto mpaka saa ya kazi.

Baridi ina mtego mmoja ambao wengi hawautegemei. Kabureta inaweza kuganda hata kabla ya baridi kuwa kali sana, mradi hewa ina unyevu, kwa sababu petroli inapogeuka mvuke hupoza chuma. Chenso nyingi zina kifuniko kidogo chenye alama ya jua upande mmoja na theluji upande mwingine, kwa ajili ya kuelekeza hewa ya joto ya silinda kwenye kabureta. Kigeuze. Na siku joto likirudi, kigeuze tena, la sivyo unailisha injini hewa ya moto wakati tayari inaungua.

Injini ya baridi isipewe resi yote mara ikiwaka. Pistoni ya alumini hupata moto na kutanuka upesi kuliko silinda iliyozungukwa na hewa ya baridi, nayo inaweza kukwaruza kuta na kunasa. Iache ipate joto kwanza. Jioni, ukiuingiza msumeno kwenye chumba chenye joto, umande unajitengeneza ndani ya tangi na kwenye filta; asubuhi ukiutoa nje, umande huo ni barafu. Bora ulale nje kwenye banda kavu, umefunikwa.

Kwenye mashine ya kupasua mbao mambo ni magumu zaidi, kwa sababu bledi ya utepe, ule mkanda wa chuma wenye meno unaozungushwa na magurudumu, inategemea mvutano. Chukua bledi ya mita 4. Ikiongezeka nyuzi joto 20, inarefuka karibu milimita 1. Ni kidogo kwa macho, lakini mvutano umeshuka kiasi cha kutosha bledi ianze kuogelea ndani ya gogo na kutoa ubao wenye mawimbi. Kwa hiyo kipimo cha mvutano nakitazama mara kwa mara asubuhi jua linapopanda, wala siamini kile nilichokiweka alfajiri. Jioni nailegeza bledi kabisa. Ikiachwa imekazwa ikapoa, nyufa huanzia kwenye mashimo ya katikati ya meno.

Gogo lililoganda ni elimu ya peke yake. Maji yaliyo ndani ya mbao yakiwa barafu, bledi hutoa unga laini sana badala ya chembe, na unga huo hauanguki. Nimewahi kuinua ubao uliotoka tu na kuupangusa kwa kiganja: hakikutoka kitu. Unga ulikuwa umegandia kwenye ubao, mgumu kama saruji, mpaka nikaukwangua kwa chuma. Tabaka hilo likibaki juu ya gogo, linaisukuma bledi katika mkato unaofuata. Dawa yake ni bledi yenye meno yasiyoinama sana mbele. Badala ya mwinamo wa kawaida wa nyuzi 10, watu hutumia 7 au 4. Mwendo nao uwe sawasawa, bila kusitasita. Maji ya sabuni ya kulainishia hayafai tena, yanaganda kwenye magurudumu. Tumia kimiminika kisichoganda, tone kwa tone.

Linalonisumbua zaidi ni gogo lililoganda nusu. Pembezoni, penye maji mengi, ni barafu. Katikati, penye moyo mkavu, bado ni mbao ya kawaida. Bledi inapita kwenye ugumu wa aina mbili katika mkato mmoja, na haijui iende wapi. Nikiweza kusubiri liyeyuke lote au ligande lote, nasubiri.

Kipindi cha joto adui ni muda. Ncha za gogo hukauka mbele ya sehemu nyingine, na mbao ikishuka chini ya takriban asilimia 28 hadi 30 ya unyevu inaanza kusinyaa. Hapo ndipo nyufa zinapotokea. Mimi hupaka nta au rangi nzito kwenye ncha siku ileile mti ulipoangushwa, si kesho. Joto likiambatana na unyevu, ukungu wa bluu huingia kwenye mbao nyeupe ya msonobari upesi mno, kwa hiyo mbao zipangwe na vijiti katikati mara zinapotoka mashineni, kivulini, vijiti vikiwa mstari mmoja wima.

Kuhusu mwili nina neno moja kali. Suruali ya kinga ina nyuzi ndefu ndani ambazo huvutwa na cheni na kuisimamisha. Jua likiwaka, watu huivua. Usiivue, badilisha saa. Anza kunapopambazuka, acha kabla ya jua la mchana, kunywa maji kabla kiu haijaja. Mwenzako akianza kujibu maneno yasiyoeleweka, ni dharura: mpeleke kivulini, mmwagie maji, ita msaada. Kwenye baridi tazama vidole. Mtetemo pamoja na baridi huminya mishipa ya damu mpaka vidole vinakuwa vyeupe na ganzi, na mkono usiohisi resi haufai kushika msumeno. Mti ulioganda nao hukatika mapema bila kupinda kwenye bawaba, ule ukanda wa mbao unaoachwa bila kukatwa ili uongoze mti unapoanguka, na kabari za plastiki huteleza zikaruka, kwa hiyo bawaba iachwe nene kidogo na njia ya kukimbilia isafishwe kabla.

Mvua nyepesi naivumilia kwenye ardhi tambarare. Radi, hapana. Upepo mkali nao, kwangu, hauna marekebisho yoyote ya skrubu wala oili. Tawi kavu halikusubiri umalize mkato, na mti ulioupimia mwelekeo unageuzwa dakika ya mwisho. Siku ya upepo siangushi mti. Nanoa cheni, nakagua beringi za mashine, na kama kuna magogo tayari uwanjani nayapasua nikisimama upande ambao vumbi halinijii.