Kusi, mbwa asiyeshikika

Saa 11 alfajiri

Adhana imekwisha na upepo bado una baridi. Natoka nje ya ua kwenda kuvaa nguo zangu za mbwa. Nina nguo za mbwa, nguo za konde na nguo za watu, na mke wangu ndiye askari wa mipaka hiyo. Za mbwa hutundikwa kwenye msumari ukutani, nje, na hazijawahi kuvuka kizingiti.

Nafungua banda. Majike wawili na dume letu kongwe wanatoka wakijinyoosha. Kusi yeye anachomoka. Anapita baina ya mguu wangu na mlango, anakwenda kusimama hatua kumi mbele, mkia juu, ananitazama. Hatua kumi zile anazijua kama fundi cherehani anavyoujua utepe wake. Nikisogea moja, naye anarudi moja. Hana haja ya kukimbia.

Alizaliwa mwaka jana kusi linaanza kuvuma, ndipo akapata jina. Watoto wa mtaani wamempa jingine, Hashikiki, na siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa jina hilo lilienea kijiji kizima. Bwana mifugo alikaa chini ya mwembe na sindano yake saa mbili nzima, wanaume sita tunamzunguka mbwa mmoja kama wacheza ngoma. Mwishowe alidungwa kwa sababu alijikwamisha mwenyewe kwenye banda la kuku.

Leo simsogelei. Nampa ubavu, nachuchumaa, natikisa mkebe wa dagaa, napuliza filimbi mara moja, nanyamaza. Wenzake watatu wanafika na kila mmoja anapata dagaa wake. Kusi anaangalia dagaa, ananiangalia mimi, kisha anakuja kwa upande upande kama kaa. Mkono wa kushoto unashika ukanda wa shingoni kwanza, ndipo wa kulia unafunguka na dagaa. Halafu namwachia aende zake. Shika, mpe, achia. Nimo wiki ya tano katika kazi hiyo, na mwezi mmoja nyuma mkono ule wa kushoto ungemfanya alale kondeni.

Saa 12 na nusu

Asiyeujua uwanda wa kusini mwa Unguja asifikirie shamba la matuta. Huku Makunduchi tunalima juu ya mawe ya matumbawe. Udongo umo kwenye vishimo na nyufa, basi unachomeka shina la muhogo hapa, jingine hatua tatu mbele, pilipili pale palipobaki. Nguruwe wa porini wanajua kila kishimo kuliko mwenye konde. Leo nahesabu mashina 11 yamefukuliwa. Na laiti wangekula wakamaliza! Wanatafuna nusu, nusu wanaiacha ioze.

Ndiyo sababu ya usasi, huu uwindaji wetu. Jumapili wasasi tunakusanyika na mbwa, nyavu na mikuki, tunaingia maguguni upande wa kijiji cha Mtende. Nguruwe hatumli, tunamwondoa tu kondeni, ila bila mbwa humwoni. Amelala kwenye kichaka cha miba, na miamba ya huko ina ncha zinazokata viatu.

Msako wa kwanza wa Kusi ulikuwa mwezi wa tatu, na alifanya kazi ya mbwa wa miaka mitano. Alimkuta dume la nguruwe, akasimama mbali na pembe zake akibweka mahali pamoja mpaka watu wakafika. Nilivimba kichwa. Jua lilipoanza kushuka kila mtu akaita mbwa wake akamfunga, nami nikaita: Kusi, njoo! Akaja mpaka hatua kumi. Nilikuwa na kamba mkononi na yeye akaiona. Akakaa kitako.

Wenzangu waliondoka. Tukabaki mimi na ami yangu mpaka baada ya isha, tunaita kwa zamu, tunatukana kwa zamu. Alipokuja mwenyewe, taratibu, masikio yamelala, nikamchapa kwa kamba ile ile.

Nilidhani namchapia kuchelewa. Mbwa hana hesabu hiyo. Alichokishika ni kwamba alikuja akapigwa. Tangu siku ile "njoo" kwake ikawa habari ya kipigo, na siku isipokuwa kipigo, basi ni kufungwa na kurudishwa bandani wakati harufu zote nzuri ziko porini. Neno nimeliharibu mwenyewe, silitumii tena. Nimenunua filimbi ya refa dukani wanakouza jezi. Filimbi haina hasira. Sauti yangu ninapochoka, mbwa huijua kabla yangu mimi.

Saa 4 asubuhi

Hii ndiyo saa ninayoipenda. Bamvua limeingia, na huku kwetu siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne, bahari ikaenda zake karibu na mwamba. Kina mama wako kwenye mwani, wameinama, khanga zimekunjwa magotini. Mchanga mtupu mbele yangu, hakuna kichaka cha kunasa kamba wala harufu ya nguruwe, ila kuna kaa na ndege wa kutosha kumshawishi. Darasa la kwanza lilikuwa uani, bila kishawishi chochote. La pili njiani. Pwani ni la tatu. Porini bado.

Kamba nilianza na ya katani, ikilowa inakuwa nzito kama nanga. Nikaishia kamba kuukuu ya kufungia mwani niliyopewa na shemeji, mita 15, nikaipiga fundo kila hatua mbili. Mafundo ni ya mguu. Ukiikanyaga haiponyoki. Usiizungushe mkononi hata siku moja. Ngozi ya kidole changu cha shahada ilibaki kwenye kamba wiki ya kwanza.

Namwachia aende kamba inaburuta. Anapoinua kichwa kutoka kwenye shimo la kaa, hapo hapo napuliza. Mara moja tu. Ukipuliza mara nne unamfundisha kwamba tatu za mwanzo hazina maana. Kisha nageuka nakimbia upande wa pili, maana mbwa wa kusaka akiona kitu kinakimbia hawezi kukiacha. Kumkimbiza yeye ni kumchezesha mchezo anaoujua na anaoushinda. Basi jifikirie mtu mzima wa miaka 42, kwenye mchanga mtupu, anakimbia peke yake akitikisa mkebe.

"Baba wee," mama mmoja akapaza sauti kutoka kwenye mwani, "wewe ndiye unayemfuga au yeye ndiye anayekufuga?"

"Tunafugana, mama yangu."

Leo nimepuliza mara 12. Mara tisa alikuja bila kuguswa kamba. Mara mbili nilimgusa kidogo, si kumvuta kama changu kwenye mshipi, ni kumkumbusha tu, halafu nikakimbia. Na katika mara hizo zote, kila alipofika nilimshika ukanda, nikampa dagaa, nikamwambia haya, nenda. Hiyo ndiyo hesabu ninayoitaka iingie kichwani mwake: anaitwa mara nyingi, anarudishwa nyumbani mara moja. Zamani zilikuwa sawasawa, kuitwa kumoja, kufungwa kumoja, na hata mimi nisingekuja.

Ya 12 iliharibika. Ndege waliruka mbele yake, akatoka kama risasi, kamba ikanipita chini ya unyayo pamoja na mafundo yake, na alipofika kwenye mwani iling'oa kijiti kimoja cha watu. Nilimfuata kwa kuifuata kamba, polepole, nikiimba ovyo ili asinione nimekasirika. Nikakipigilia kijiti upya, nikaomba radhi, nikacheka nao. Nilikuwa nimekasirika sana.

Wiki iliyopita mgeni wa hoteli, dada wa Kizungu aliyekuwa amelala juu ya taulo, alimbusia hewani mara moja tu, na Kusi akaenda kumlalia miguuni. Akapewa chapati nzima. Nilitamani kulia. Nilipofika usiku kitandani ndipo nikaona: yule dada hajawahi kumfunga.

Saa 7 mchana

Kuoga. Ulimi wa mbwa na dagaa haviepukani, na kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi mate ya mbwa ni najisi, huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Karibu na kisima nina kopo la udongo safi ambalo mtoto wangu mdogo hulijaza akitoka skuli. Mboga ilikuwa kisamvu cha nazi. Nililala kidogo.

Saa 10 alasiri

Barazani baada ya sala. Babu yangu mzaa mama alikuwa msasi zamani, tangu siku ambazo Unguja bado ilikuwa na chui, na dagaa zangu anaziona aibu ya ukoo.

"Sisi mbwa tulimnyima chakula, basi. Akija anakula, asipokuja shauri yake."

"Si ndiyo hayo hayo ninayofanya, babu, ila dagaa nazitoa kidogo kidogo?"

"Hayo yako ni sherehe."

Ustadhi aliyekuwa akisikiliza akasema mbwa wa kusaka ametajwa kwenye Suratul Maida, aya ya nne, na wanachuoni wameweka alama za aliyefunzwa: akitumwa aende, akizuiwa azuilike, akikamata asile. Babu akanigeukia.

"Wako ana ngapi?"

"Kutumwa anakwenda."

"Huyo anakwenda hata asipotumwa," akasema, na baraza zima likaanguka kicheko.

Nilimwacha acheke, kisha nikamwuliza mbwa wake walipopotea walifanyaje. Hapo akatulia. Alisema hawakuzunguka pori wakiita, kwa sababu mbwa akirudi kwa harufu hurudi pale alipofunguliwa, na wewe uko upande mwingine unapiga makelele. Mtu alivua kikoi chake akakiacha pale pale walipoanzia msako, akaenda kulala. Asubuhi mbwa yuko juu ya kikoi. Halafu, bila kuulizwa, akaongeza: "Na usimfunge wakati wa kuondoka tu. Mfunge katikati ya msako, umfungue. Mfunge tena, umfungue."

Mzee huyu amekuwa akinicheka wiki tano nzima, na jambo lile lile alikuwa nalo kifuani miaka yote.

Saa 11 jioni

Narudi kondeni na Kusi peke yake. Nimemvalisha kamba nyingine, mita tano, nyembamba, haina fundo hata moja, kwa sababu huku fundo likiingia kwenye ufa wa jiwe mbwa anabaki kule. Mara mbili za kwanza amekuja vizuri. Nimemshika, nimempa, nimemwachia. Nikaanza kufukua mihogo iliyoguswa na nguruwe kabla haijaoza.

Kitu kidogo chekundu kikaruka kwenye gugu. Paa, na huenda ni paa nunga, ambaye amebaki mchache na hawindwi. Kusi hakuwa na haja ya kuambiwa. Kamba ikapotea kama mkia wa nyoka.

Nikapuliza. Mara moja.

Kimya. Nasikia mwendo wake unakwenda mbali, kisha sisikii. Filimbi iko midomoni bado, na kila mshipa wa shingo yangu unataka kupuliza tena, na kuita, na kutukana kama ile siku na ami. Nikaitoa mdomoni nikaitia mfukoni. Nikakipa kichaka mgongo, nikaanza kutembea kwenda upande wa barabara, nikitikisa mkebe nusu nusu, mtu asiye na haraka.

Kilichotangulia kufika ni sauti ya kamba ikichakarisha majani makavu. Nikageuka. Hatua kumi, ulimi nje, pua imekwaruzwa na mwiba. Amesimama.

Nikachuchumaa ubavu. Sikumtazama machoni. Akaja, si kwa upande kama asubuhi, amekuja wima. Mkono wa kushoto ukashika ukanda, wa kulia ukammiminia dagaa zote zilizobaki mkebeni. Jua lilikuwa karibu kuzama, ni saa ile ile aliyokataa kufungwa siku aliyochapwa, na kamba ilikuwa mkononi mwangu. Mbwa mzima alikuwa anatetemeka chini ya vidole vyangu.

Nikaifungua kamba nikaiweka begani. Haya, nenda.

Akaruka nyuma, akanusa hewa kule alikokimbilia paa. Nikashika njia ya nyumbani na sikugeuka mpaka kwenye mbuyu. Yuko nyuma yangu, hatua kumi. Nikatembea tena. Nilipogeuka mara ya pili, tukiwa tumefika barabara ya lami, zilikuwa sita.

Bandani ameingia wa mwisho, baada ya kuzunguka mdimu mara mbili. Mke wangu amesimama mlangoni na ndoo ya maji mkono mmoja, kopo la udongo mkono wa pili.

"Amekuja?"

"Amekuja."

"Mara saba," akasema, akanikabidhi kopo.