Usiku tulioshuka Mlima Kenya kwa tochi, na jinsi tulivyorudi

Mdogo wangu alifika Nairobi kwa treni ya jioni siku ya Alhamisi, na Ijumaa alfajiri tulikuwa tumeshaketi kwenye matatu ya Nanyuki. Kosa lilianzia hapo, ingawa wakati ule niliona nimepanga vizuri. Ametoka Likoni, nyumbani kwetu, ambako ukisimama mlangoni unasikia bahari. Akalala usiku mmoja kwangu Umoja. Usiku wa pili akalala kambi ya Old Moses, mita 3,300. Yaani mwili uliozoea ufuo ulipandishwa mlimani kabla haujajua umehama.

Yeye ni mchezaji wa kandanda, kijana wa miaka 23, na hukimbia ufuoni kila asubuhi. Mimi nina miaka 38 na kazi yangu ni ya kukaa ofisini. Nilidhani wa kuangaliwa ni mimi. Sasa najua kwamba mazoezi hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Tena wenye nguvu hupanda kwa kasi, na kasi ndiyo inayoumiza.

Pale Old Moses nilitoa mkobani pakiti ya krispi niliyoinunua mjini. Ilikuwa imevimba, imekaza kama mpira uliotiwa upepo. Kiongozi wetu, mzee wa Nanyuki aliyepanda mlima ule miaka mingi, akaibonyeza kwa kidole, akaniambia hewa ya ndani haijaongezeka, ila ya nje ndiyo imelegea. Watu husema kule juu hakuna oksijeni. Ipo, asilimia 21 ileile ya Mombasa. Kinachopungua ni shinikizo la hewa, na bila shinikizo oksijeni haisukumwi vya kutosha kuingia kwenye damu. Hata hapa Nairobi tunaishi na pungufu: shinikizo letu ni kama asilimia 82 ya lile la pwani. Kambi ya Shipton's, mita 4,200, hubaki kama asilimia 60. Kilele cha Point Lenana, tulichokuwa tukikiendea, mita 4,985, ni nusu na kidogo.

Siku ya pili tulipanda hadi Shipton's, mita 900 kwa mkupuo mmoja. Mdogo wangu alitangulia na wapagazi, wakipiga soga. Jioni aliletewa ugali na sukuma, akaisogeza sahani. “Nimeshiba, dada.” Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu tumboni zaidi ya chai. Nikanyamaza, na ukimya ule unanisumbua hadi leo. Baadaye ndipo aliponiambia kichwa kilianza kumgonga tangu Old Moses, akaficha kwa sababu safari ile nilikuwa nimeilipia kwa pesa zangu za chama.

Mnamo saa tano usiku niliamshwa na mchakacho. Alikuwa ameketi kitandani, anavaa kiatu aende msalani. Anatia mguu wa kushoto kwenye kiatu cha kulia, anautoa, anakigeuza kiatu, anautia tena mlemle. Mara tatu. Nilipommulika akanitazama kama anayelitafuta jina langu.

Nikamwita mzee. Hakumuuliza maswali mengi. Alimsimamisha juu ya ufa wa mbao za sakafu, akamwambia atembee juu ya mstari ule, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya tatu akaangukia ukutani.

“Tunashuka sasa hivi.”

Nikamwomba tumpe dawa ya maumivu tungoje kuche, kwa kuwa nje kulikuwa na baridi ya kukata na giza. Akanijibu, “Dada, ubongo wa huyu unavimba. Asubuhi ni mbali.”

Nakieleza kitu hiki polepole kwa sababu ndicho ningetaka kukijua kabla sijampeleka. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu, uchovu na kukosa usingizi ni hali ya kwanza, na wengi huipata wakipita mita 2,500. Ukipumzika palepale ulipo, mara nyingi hupoa. Lakini ukiendelea kupanda nayo, maji yanaweza kuvuja kutoka kwenye mishipa midogo ya damu. Yakivujia kwenye ubongo, mtu hupepesuka kama mlevi na kuchanganyikiwa. Yakivujia kwenye mapafu, huhema hata akiwa ameketi, hukohoa, na makohozi huweza kuwa na povu la rangi ya damu. Zote mbili huua, wakati mwingine ndani ya saa chache, na dawa yake ya kwanza ni kushuka. Mzee alikuwa na vidonge vya deksamethasoni, dawa ya kupunguza uvimbe wa ubongo, akampa, ila akasema hivi ni vya kumpa miguu ya kushukia, si vya kumbakiza.

Tulishuka usiku kucha. Mpagazi mmoja mbele na tochi, mzee na mimi tumemshika kwapani. Mwanzo alikuwa akiuliza kila baada ya muda tunakwenda wapi. Kulipoanza kupambazuka akaacha kuuliza, akaanza kulalamika kwamba viatu vinambana, nami nikalia kwa furaha kusikia lalamiko lenye akili. Tulipofika Old Moses aliomba chai, sukari nyingi. Daktari alimwona Nanyuki mchana uleule, na baada ya siku mbili alikuwa mzima.

Tulirudi Februari iliyofuata. Safari hii alikuja Nairobi mapema, akalala kwenye kochi langu usiku nane, na Jumapili tukapanda vilima vya Ngong, mita 2,460. Daktari alituuliza kama dawa za salfa hutudhuru, kisha akatuandikia asetazolamaidi, dawa ya kuusaidia mwili kuzoea mwinuko, miligramu 125 asubuhi na jioni, tuanze siku moja kabla ya kupanda. Ukihema sana kule juu, damu hupoteza kaboni dayoksaidi, na ubongo hutafsiri kwamba umepumua vya kutosha, hivyo usingizini pumzi hukatika sekunde kadhaa kisha hurudi kwa kishindo. Figo hurekebisha hali hiyo zenyewe kwa siku chache. Dawa inaziharakisha tu. Vidole vilinichonyota, nilikwenda msalani kila mara, na soda ikawa haina gesi mdomoni.

Mlimani tuliweka usiku sita badala ya miwili: miwili Old Moses, tukipanda mchana na kurudi kulala chini, mmoja kibanda cha Liki North, mita 3,990 hivi, na mitatu Shipton's. Kanuni ya kawaida ni kwamba ukishapita mita 3,000, usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku. Vibanda havijapangwa hivyo, ndiyo maana usiku wa ziada ni wa lazima. Gharama ilikaribia maradufu, na nililipa bila kunung'unika.

Tena tukapatana neno moja. Kila tukiletewa chakula, mmoja amuulize mwenzake, “Kichwa?” na ajibiwe ukweli, na sahani iangaliwe.

Asubuhi ya kwanza ya Shipton's ni mimi niliyeisukuma sahani. Kichwa kilinibana kisogoni, na nikatapika uji nje ya kibanda. Nilitamani sana kusema ni uchovu. Nikasema, “Kinauma, na nimetapika.” Mdogo wangu akanipeleka kwenye ufa uleule wa sakafu, akasimama karibu, mikono tayari kunidaka. Nilitembea sawasawa hadi mwisho. Basi tukabaki. Nilikunywa maji, nikalala, nikaota jua, wenzetu wakatupita. Jioni maumivu yalikuwa yamelegea, na asubuhi iliyofuata hayakuwepo, lakini mzee akasema tungoje hadi usiku.

Saa tisa usiku tukaanza kupanda, hatua moja, pumzi mbili. Tulifika Lenana jua likichomoza nyuma yetu, vilele vya Batian na Nelion vimewaka wekundu. Kabla hajatoa simu ya kupiga picha, mdogo wangu aliniuliza, “Dada, kichwa?”

“Safi. Chako?”

“Safi.”

Tulikaa dakika kumi na tano, tukashuka. Jioni, pale Old Moses, mdogo wangu alikula sahani mbili za wali na ndengu, nami nikamhesabia.